Vali ya jua na karabai ya mama

Mwandishi, hapo uliposema taa ya kisiwa cha Chumbe lazima mtu apande kuiwasha kila jioni, nakupinga kidogo. Mnara ule Waingereza waliujenga mwaka 1904, na mwaka 1926 ukaanza kutumia gesi. Taa za gesi za namna hiyo Msweden Gustaf Dalén alizitengenezea vali ya jua: kijiti kimoja cheusi katikati ya vingine vinavyong'aa. Kukipambazuka, kile cheusi kinanyonya mwanga, kinapata joto, kinarefuka kidogo tu na kuifunga gesi. Giza likiingia kinanywea, gesi inafunguka. Hakuna waya wala betri! Alipewa Nobel ya fizikia mwaka 1912, mwaka uleule mlipuko ulipompofusha macho.

Na wewe ndugu hapo juu unayeuliza sisi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale minara ya baharini inatuhusu nini, mimi nimekulia mji wa Baraka, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Baba alivua ndagala usiku wa giza, mama akitundika karabai kwenye mwembe ili ajue pa kuutia mtumbwi. Usiku mmoja mafuta yalituishia. Baba alitua kijiji cha tatu, akafika nyumbani asubuhi kwa miguu, kasia begani, hasemi na mtu. Juzi nimenunua taa ya sola Mbarara, inajizima yenyewe kukicha. Muuzaji ananiapia eti huo ni uvumbuzi wa mwaka huu.