Pikipiki Kuukuu: Ifufuliwe au Iachwe?

Mjini Mpanda, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, hazikosekani nyumba ambazo nyuma yake kuna pikipiki kuukuu iliyoegemezwa ukutani, matairi hayana upepo na tangi limeota kutu. Huenda iliachwa na mzee aliyekuwa bwana shamba, au ilinunuliwa katika mnada wa mali chakavu. Siku moja mwenye mali huitazama na kujiuliza: je, ifufuliwe, au wapewe wanunuzi wa vyuma chakavu?

Swali hilo si dogo. Katika Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012, masafa ya kwenda Inyonga, Karema au Majimoto ni marefu, na mara nyingi pikipiki ndiyo humfikisha mgonjwa zahanati na mwalimu shuleni. Uamuzi usiofaa waweza kumaliza akiba ya nyumba nzima, au ukamvunja mtu miguu. Inasikitisha, basi, kwamba uamuzi huo mara nyingi hutolewa kwa kubahatisha. Fundi huitwa, hutia petroli kidogo na kupiga kiki. Injini ikiitika, watu hushangilia na shauri huwa limekwisha. Makala haya yanashikilia kwamba injini kuitika si hoja. Injini ndiyo yapasa kuchunguzwa mwisho.

Wahenga wamesema: usiache mbachao kwa msala upitao. Wamesema pia: chombo cha kuzama hakina usukani. Wapenzi wa vya kale hushika methali ya kwanza, na wapenzi wa vipya hushika ya pili. Wote hao wamehukumu kabla ya kupima. Umri wa chombo hauonyeshi hali yake. Hali yake huonyeshwa na vipimo. Na kanuni ya kupima ni nyepesi: kwanza kichunguzwe kile ambacho kikiharibika hakinunuliki kwa urahisi, na ambacho kikivunjika huua.

Kitu hicho ni fremu. Chuma kinachotikiswa mara nyingi kwa miaka mingi huchoka, hata kama hakijawahi kubeba mzigo wa kukivunja kwa mara moja. Ufa mdogo huanza penye kona au penye maungio ya kulehemu, hasa kwenye shingo ya usukani na mahali shokapu za nyuma zinapofungwa. Ufa huo hukua kidogo kidogo chini ya rangi, hata siku moja chuma hukatika ghafla. Kuupaka rangi mpya ni kuuficha.

Mwalimu yeyote anavyo vifaa vya kuutafuta. Rangi na kutu viondolewe, chuma kisafishwe kabisa, kisha kipakwe mafuta ya taa, mbali na moto. Baada ya robo saa kifutwe kikauke, halafu kipakwe chaki nyeupe iliyosagwa na kukorogwa katika maji. Chaki ikikauka, mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka na kuchora mstari mweusi mweusi juu ya weupe. Njia ya namna hii ilitumiwa zamani katika karakana za reli kutafuta nyufa za ekseli, na mji wa Mpanda, uliofikiwa na reli kutoka Kaliua kwa ajili ya madini ya risasi, hauna sababu ya kuiona ngeni. Nyufa ndogo sana zaweza kuponyoka, lakini mstari ukionekana kwenye shingo, ushauri wa makala haya ni mmoja: pikipiki hiyo isirudi barabarani. Kulehemu bomba jembamba hubadili tabia ya chuma kilicho kando ya moto, na ufa mpya huweza kuanzia papo hapo.

Breki ndizo za pili. Pikipiki, dereva na abiria mmoja huweza kufikia kilo 250 pamoja. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, nishati hiyo hukaribia jouli 35,000. Kwa kilometa 30 kwa saa haifiki jouli 9,000. Kasi ikizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne, na nishati yote hiyo hugeuzwa joto na brekishuu mbili ndogo katika kila gurudumu. Brekishuu mpya ni rahisi kupatikana. Lakini zinaposugua kitovu cha gurudumu kilicholika na kupoteza uduara wake, haziwezi kushika sawasawa, hata zikiwa mpya kabisa. Kitovu nacho kipimwe.

Ndipo sasa zamu ya injini, ambayo kwa kweli ndiyo husamehe zaidi. Silinda ikilika, huchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Kwa injini nyingi, pistoni hizo huuzwa kwa hatua za robo milimita, hadi milimita moja kamili juu ya kipenyo cha asili. Silinda yenye kipenyo cha milimita 56.5 na mpigo wa milimita 49.5 ina ujazo wa sentimita za ujazo 124. Ikichongwa hadi milimita 57.5 hufikia karibu 128.5. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuhakikisha hesabu hiyo. Kipimo kingine ni cha mgandamizo: ukiwa hafifu, matone machache ya oili hutiwa ndani ya silinda. Ukipanda, ringi ndizo zimekwisha. Usipopanda, valvu zichunguzwe.

Vipimo vya silinda vilivyotajwa hapa ni vya Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976. Wahandisi wake waliilenga katika nchi ambazo mizigo ni mizito na matengenezo ni haba. Wakachagua valvu zinazosukumwa kwa fimbo, si kwa mnyororo mrefu unaohitaji kurekebishwa. Umbo la injini hiyo liliigwa mno na viwanda vya China, na pikipiki zenye injini za ukoo huo zikaenea Afrika Mashariki. Hivyo pikipiki ya miaka arobaini yaweza kupata vipuri dukani leo, huku ya miaka kumi, ambayo mtengenezaji wake ameacha kazi, haipati hata gasketi. Ukoo wa injini una uzito kuliko umri wake. Hata hivyo, nakala hazilingani zote. Kipuri kipimwe kwa kalipa kabla ya kulipiwa.

Injini za mipigo miwili zastahili tahadhari. Ni nyepesi na rahisi kufungua, lakini sehemu ya petroli hutoka na moshi bila kuungua, pamoja na oili iliyochanganywa nayo. Anayezifufua kwa safari za kila siku huzilipia upya katika kila kituo cha mafuta.

Yupo atakayejibu kwamba maskini hana nafasi ya kuchagua, na heri chakavu kuliko miguu. Hoja hiyo ni ya haki. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokuwa adimu, mafundi wa nchi hii waliendesha magari na mashine kwa vipuri walivyochonga wenyewe, na ustadi ule ni wa kujivunia. Lakini maskini ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kupima, maana hana fedha ya kukosea mara mbili. Gharama zote ziorodheshwe kabla ya kununua bolti ya kwanza, ikiwemo kadi ya umiliki, ambayo bila yake chombo kizima si mali halali. Jumla ikikaribia bei ya pikipiki nzima iliyotumika kidogo, jibu limepatikana.

Na ile iliyoshindwa mtihani? Isipelekwe haraka kwa wanunuzi wa vyuma. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari, na mkondo huo unahitaji vitu vya kushikwa kwa mikono. Pikipiki isiyofaa barabarani bado inafaa darasani: ndani yake mna mwako, msuguano, umeme, kutu na hesabu za maduara. Mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani. Nazo zitazeeka. Yafaa kuamua mapema zipi zitatengenezwa, zipi zitakwenda shule, na nani atakayezipima.

Atakayezipima ni kijana aliye kidato cha pili leo, akiwa amefundishwa kushika kalipa na chaki kabla ya kupiga kiki.