Kitenzi "Kujikaza" Mbele ya Mahakama

Mwanafunzi mpenzi, huenda ulifundishwa kitenzi "kujikaza" pamoja na kujiona na kujisaidia, ukakiona kitenzi chema. Mimi leo nakishtaki.

Hapa Kabatoro, kando ya ziwa la chumvi la Katwe, wanaume husimama majini wakivunja magadi na mawe ya chumvi, wanawake nao hushughulika majarubani. Kila mchimbaji ajua maji yale hufanya nini katika kidonda. Hakuna amwambiaye mwenzake kuwa mguu utapona humo humo kwa kujikaza. Lakini mwanawe akikosa usingizi na kusahau masomo, sote twaimba wimbo mmoja: jikaze!

Ajikaze dhidi ya nini? Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, jirani na Bwera, katika wilaya yetu hii ya Kasese. Walichoma bweni, wakaua wanafunzi zaidi ya 30. Wazee walikumbuka Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, ambako wanafunzi 80 waliteketezwa tarehe 8 Juni 1998. Na kati ya misiba hiyo kuna Novemba 2016, watu zaidi ya 100 walipouawa katika mapambano ya Kasese na kasri la mfalme wa Rwenzururu. Mtoto anayeogopa kulala bwenini hana fikra dhaifu. Ana kumbukumbu sahihi.

Kisha twampa kitabu cha mafanikio, vile viuzwavyo kando ya barabara, kimwambie kuwa huzuni ni matunda ya mawazo mabaya na kwamba tiba yote imo ndani yake. Huo ni ukatili uliovaa joho la elimu: jeraha la umma linageuzwa kuwa aibu ya mtu mmoja, na wenye wajibu wanakwenda zao.

Utaniambia kuwa mababu walipita vitani na hawakuhitaji mshauri. Si kweli kwamba walipona peke yao. Majirani walilala matangani, wakapika, wakasikiliza habari ile ile mara kumi.

Sipingi kusoma, ni kazi yangu. Lakini soma namna nyingine. Chukua hadithi fupi, isome polepole, kisha andika ni wapi moyo ulishtuka na kwa nini. Andika kwanza kwa lugha unayolilia; kama ni Lhukonzo, iwe Lhukonzo. Ndipo utafute Kiswahili chake. Huzuni huja na jambo lake na aghalabu hupungua. Sonona hukaa wiki baada ya wiki, ikiondoka na usingizi, hamu ya kula na ladha ya mambo uliyoyapenda. Hofu hutazama hatari iliyopo. Kiwewe hukurudisha katika hatari iliyopita. Asiyeweza kutofautisha haya atamwambia mganga "naumwa kichwa", naye atapewa dawa ya kichwa. (Katika nyumba nyingi za Uganda Kiswahili kiliingia kwa kinywa cha askari: simama, kaa chini, nyamaza. Tuna deni la kukifundisha maneno mengine.)

Na daftari lina mpaka wake. Ukiona unawaza kujiua, lifunge, umwendee mtu leo hii. Sheria ya Afya ya Akili ya Uganda ya mwaka 2018 inataka huduma hii ipatikane hata katika vituo vya afya vya msingi, si Butabika peke yake, kule Kampala. Kwa hiyo kuomba huduma hiyo si kuomba hisani. Katika mkutano ujao wa wazazi, mwombe mzazi wako asimame na kuuliza: katika shule hii, mtoto asiyelala humwendea nani, na mtu huyo yupo siku gani?