Wanaomilikiana kwa mapatano, na sisi tunaosema "huyu ni wangu"

Jumbe zenu juu ya ile video tumezipata. Kwa asiyeiona: mwanamke mzungu amevaa mkanda shingoni, anamwita mwanaume "bwana wangu," na yule mwanaume anasema "huyu ni mali yangu," kisha wote wawili wanacheka. Wengi mmeandika kwamba ni laana. Lakini baba mmoja aliandika hivi, na ndiyo sababu ya makala hii: "Mnaona? Hata wazungu wanajua mwanamke ni mali ya mume wake."

Baba, hapo umepotea njia.

Watu wa namna hiyo wapo kweli, Marekani, Uingereza na kwingineko. Ni watu wazima wanaokubaliana kwamba mmoja ataamuru na mwingine atatii. Kwa wengine mambo yanaishia chumbani. Kwa wengine yanafika mpaka saa ya kulala, nguo za kuvaa, hata matumizi ya pesa. Wenyewe wanatumia maneno ya umiliki: huyu ni mwenye, huyu ni wake. Ila si kila mara mwanaume ndiye mwenye. Kuna wanawake wanaomiliki na wanaume wanaomilikiwa, na kuna wanaume kwa wanaume. Kwa hiyo anayetafuta pale ushahidi kwamba mume ameumbwa kuwa mmiliki, hatauona.

Jambo la pili ni kwamba hawaanzii kwenye amri, wanaanzia kwenye mazungumzo. Wana desturi, iliyoanza kule California mwanzoni mwa miaka ya 1990, ya kukutana kwanza kwenye mgahawa wa kawaida, wakiwa na nguo za kawaida, wanakula na kuongea. Mgeni anajulikana na watu wengi kabla hajaingia nyumbani kwa mtu mmoja. Kisha wawili wanapatana: hili nakubali, hili sikubali kabisa, hili tuliulize tena baadaye. Na wanachagua neno la kusimamisha. Wengi wanatumia "nyekundu," kama taa ya barabarani. Likitamkwa, kila kitu kinasimama hapo hapo, bila hasira na bila "kwa nini." Tayari mwaka 1983 kundi moja la New York liliandika kanuni yake kwa mambo matatu: usalama, akili timamu, hiari.

Mimi binafsi mambo yale siyapendi, na neno "mtumwa," ambalo baadhi yao wanalitumia, linanichoma. Sisi tuko inchi ambayo Tippu Tip alijenga makao Kasongo, na misafara ilipita Maniema ikiwa na watu wenye minyororo ambao hakuna aliyewauliza. Hata kule kwao weusi wa Marekani wanabishana juu ya neno hilo. Na tusidanganyane: katika makundi yale pia wamo wajeuri wanaojificha nyuma ya neno hiari. Sheria za kwao nazo haziwaachi tu. Uingereza, mwaka 1993, mahakama ya juu ilithibitisha adhabu za wanaume walioumizana ingawa walikubaliana, na mwaka 1997 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya haikuona kosa katika hukumu ile. Karatasi ya kummiliki mtu haina nguvu mahakamani. Kwetu katiba ya 2006, kifungu cha 16, inasema wazi hakuna mtu atakayeshikwa utumwani wala katika hali inayofanana na utumwa.

Maana yake ni hii: yule mwanamke wa kwenye video, akiamka kesho na kusema basi, anavua mkanda, anachukua begi lake, anaondoka. Mkanda unakaa shingoni kwa sababu yeye mwenyewe anataka ukae.

Sasa tuje kwenye vibanda vyetu vya shitingi. Waliopitia makambi ya kando ya Goma kabla hayajavunjwa mwanzoni mwa 2025, na wale wanaoishi leo kwa familia za wenyeji au kwenye vyumba vya shule, wanaijua hali ninayoisema. Msichana amefika peke yake, wazazi hawajulikani walipo. Mwanaume anampa pahali pa kulala na unga kidogo. Baada ya siku tatu anamwita "bibi yangu." Je, msichana alikubali? Alisema ndiyo. Lakini akisema hapana, angelala wapi? Ndiyo ya mwenye njaa, na nje mvua inanyesha, mimi siihesabu. Sheria ya 2006 juu ya jeuri za kingono iliandika ndoa ya kulazimishwa na utumwa wa kingono kuwa makosa ya jinai, na haikusema kwamba wakati wa vita mambo hayo yanasamehewa.

Hata kwenye ndoa za halali, tunasikia: "Nilitoa mbuzi kwa baba yake." Mahari imo ndani ya sheria ya familia ya 1987, ni kweli. Lakini ni sharti la ndoa, haijaandikwa popote kuwa ni bei ya mtu. Sheria hiyo ya zamani ilimtaka mwanamke apate ruhusa ya mume ili auze, anunue au ajitetee mahakamani. Tangu Julai 2016 ruhusa hiyo imeondolewa. Sheria bado inamwita mume kichwa cha nyumba, lakini mambo yanayowafunga wote wawili wanapaswa kuyapatana. Ni wazee wangapi wanaopatanisha ndoa mtaani wanaojua hilo? Wengi bado wanahukumu kwa sheria ya mwaka 1987.

Kwa hiyo nauliza mambo madogo. Siku ya mgao, jetoni ya mama inashikwa na nani? Mume akiishika, mama akisema "basi" anaondoka bila chakula cha watoto. Wanaoandikisha familia wamwandikie kila mtu mzima jina lake, na jetoni akabidhiwe mkononi mwake. Na ninyi washefu wa mitaa, mwanamke akikimbia usiku akaja kwenu, msimrudishe asubuhi kabla hamjaongea naye peke yake, mume akiwa mbali, mama mkwe akiwa mbali. Mwulizeni kama anataka kurudi. Akisema hapana, awe na pahali pa kulala usiku huo, hata kama ni kwenye benchi ya kanisa, na mtu wa kumlinda.