Mashine Husingiziwa Uzee

Kompyuta ya nyumbani iliyodumu miaka minane au kumi ikianza kujikokota, hukumu dhidi yake hutolewa upesi: imezeeka, itupwe, inunuliwe mpya. Hukumu hiyo hutamkwa na muuzaji, hurudiwa na fundi, na mwisho huaminiwa na mwenye mali. Ni hukumu ya dhuluma. Mshitakiwa hakusikilizwa, na aliyeletwa kutoa ushahidi, yaani programu mpya, ndiye mkosaji mwenyewe.

Yafaa kwanza ijulikane kipi huzeeka na kipi hakizeeki. Vumbi huziba feni, joto likazidi, na mashine ikapunguza mwendo ili isiungue. Diski inayozunguka huchakaa, betri hufa. Maradhi hayo yapo, na dawa zake zajulikana: brashi, diski nyingine, betri nyingine. Lakini prosesa, ambayo ndiyo bongo la kompyuta, kama ilipiga mapigo bilioni mbili kwa sekunde siku iliyonunuliwa, hupiga mapigo yale yale baada ya miaka kumi. Nguvu za mchukuzi ni zile zile. Mzigo ndio uliozidi.

Uzito wa mzigo huo wapimika. Windows 95, iliyotoka mwaka 1995, iliridhika na megabaiti 4 za kumbukumbu. Windows XP ya mwaka 2001 ilitaka 64. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haikubali chini ya gigabaiti 4, yaani mara elfu moja na zaidi ya ile ya kwanza. Na hicho ni kiingilio cha mlangoni tu, kabla programu nyingine hazijapata pa kuketi. Yamkini picha zimekuwa safi zaidi na kazi zimeongezeka. Lakini nani atathubutu kusema kuwa barua huandikwa leo kwa ubora mara elfu, au kuwa hesabu za duka hujumlishwa kwa usahihi mara elfu?

Kumbukumbu ikijaa, kompyuta hulazimika kuhamishia sehemu ya shughuli zake kwenye diski, na kuzirudisha kila zinapohitajika. Diski ni nzito mno ikilinganishwa na kumbukumbu, hasa ile ya kuzunguka. Hapo ndipo kishale hukwama na dirisha hukawia kufunguka. Mwenye nyumba hudhani auona uzee, kumbe auona msongamano. Juu ya hayo, programu nyingi hujiamsha zenyewe mara kompyuta inapowashwa, pasipo kuitwa na mtu. Zipo hata programu za kupelekeana ujumbe mfupi ambazo kila moja hubeba ndani yake kivinjari kizima, mfano wa mtu achukuaye jiko na pipa la maji ili ampelekee jirani kikombe kimoja cha chai.

Lawama hii haikuanza jana. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, mwalimu wa chuo kikuu mjini Zürich na mtunzi wa lugha ya Pascal, aliandika makala ya kuwasihi watungaji wa programu wapunguze unene wa kazi zao. Alieleza kuwa programu huzidi kuwa nzito kwa kasi kuliko mashine zinavyozidi kuwa nyepesi. Wala hakuishia kwenye maneno: yeye na mwenzake, Jürg Gutknecht, walikuwa wamekwisha kujenga mfumo mzima uitwao Oberon, watu wawili tu, kwa miaka ipatayo mitatu. Wembamba, basi, wawezekana. Unaokosekana ni utashi wa kuutafuta.

Watetezi wa mambo yalivyo hujibu kwa hoja ya usalama. Husema kuwa programu ya zamani ina mianya, na wezi huipitia mianya hiyo. Hoja ni ya kweli, nayo yastahili heshima. Lakini kuziba ufa wa ukuta hakumlazimu mwashi kuongeza ghorofa juu ya nyumba. Marekebisho ya usalama na mapambo mapya hufungwa katika furushi moja, na mwenye kutaka kufuli hulazimishwa kubeba na pazia. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa kwa kawaida, na kompyuta nyingi zilizokuwa zikifanya kazi vizuri zilikataliwa na Windows 11 kwa sababu ya prosesa zao. Kuongezwa mwaka mmoja kwa wenye kujiandikisha kulikuwa kuahirisha hukumu, hakukuwa kuifuta.

Ushahidi wa kuiokoa mashine u wazi. Kompyuta ile ile iliyohukumiwa kufa, ikipewa Linux ya namna nyepesi, mara nyingi huinuka na kuandika, kusoma na kuhesabu kama ada. Mgonjwa anayepona kwa kutuliwa mzigo hakuwa na ugonjwa wa uzee.

Wapo wasemao kuwa jambo hili ni dogo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kurejelewa ipasavyo. Na katika Afrika Mashariki, ambako wanafunzi wengi hununua kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, kila toleo jipya lililonenepa ni kodi juu ya elimu, inayotozwa na watu wasiomjua mlipaji.

Sheria nayo imekwisha kuamka mahali pengine. Mwezi Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliwatoza Apple euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5 kwa masasisho yaliyodhoofisha simu za wateja. Kilicho haramu kwa simu hakiwezi kuwa halali kwa kompyuta.

Hapana budi, basi, watungaji wa programu watenge marekebisho ya usalama na mapambo, wazijaribu kazi zao kwenye mashine za watu wa kawaida, na wamwambie mnunuzi waziwazi uzito anaotwishwa. Na vyuo viwafundishe vijana kuwa kumbukumbu ya kompyuta ni mali ya mwenye kuinunua. Mbaazi ukikosa maua husingizia mvua. Mtungaji akikosa ufundi husingizia mashine.