Kesho Wanarudi Shule

Kesho, Juni 29, 2020, shule zinafunguliwa, na kidato cha sita, waliotangulia kurudi Juni 1, wanaanza mtihani wao wa taifa. Tangu Waziri Mkuu Kassim Majaliwa atangaze Machi 17 kwamba shule zifungwe kwa sababu ya corona, zimepita siku zaidi ya 100. Hapa Sumbawanga baridi imeshika, na wiki nzima wazazi sokoni wanazungumza sare, madaftari, barakoa na ndoo za kunawia. Ni mambo ya lazima. Lakini sikusikia aliyeuliza huyo mtoto anarudi na moyo gani.

Katika jumuiya yetu yupo mama mwenye kijana wa kidato cha pili. Mwanzoni kijana alifurahia likizo kama wenzake. Mei akaanza kunyamaza. Chakula anaacha, usiku halali, mchana anajifunika blanketi. Baba akasema ni uvivu wa kukwepa kuvuna mahindi. Jirani akasema amerogwa. Sisi wa Ufipa kwa hilo hatujambo: jina la mji wetu husemwa lina maana ya "tupa uchawi", na bado tukikutana na jambo tusilolielewa, uchawi ndio wa kwanza kuokotwa. Nami nakiri: jumuiya tulikwenda kumwombea, tukamwekea mikono, tukakemea, tukaondoka. Hakuna aliyemuuliza neno.

Aliyemuuliza ni bibi yake, wakipukuchua mahindi. Akajibu, "Bibi, nimesahau kila kitu. Halafu nikiutoa huo ugonjwa shuleni nikakuletea wewe?" Basi. Miezi mitatu amesikia kila mahali kwamba wazee ndio wanaokufa zaidi, naye analala chumba kimoja na bibi. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni, lakini kwao hakuna umeme, na betri za redio ni hela.

Fungua 1 Wafalme, sura ya 19. Elia, yule wa moto wa Karmeli, anakimbilia nyikani, anaketi chini ya mti na kumwomba Mungu amtoe roho. Angalia anachotendewa. Hakemewi. Haambiwi kwamba imani yake ni haba. Anaachwa alale, malaika anamgusa, anampa mkate na maji. Analala tena, anaamshwa tena ale, maana bado ana mwendo mrefu. Maswali yanakuja baadaye, na hata hapo Mungu anamsikiliza akilalamika, tena mara mbili, kisha anampa Elisha wa kufuatana naye. Nabii alitamani kufa, na Biblia haikuona aibu kuliandika.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, mtoto aliyebadilika kwa wiki kadhaa, mkalishe umsikilize bila kumhubiria. Mweleze mwalimu wa malezi. Akitamka kwamba afadhali afe, usingoje mkesha wa maombi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, mkiomba njiani. Na kupelekwa hospitali kwa ajili ya akili si lazima kuwe kupelekwa Mirembe, kama tunavyotaniana. Nanyi walimu, nawasihi, wiki hii ya kwanza fimbo ipumzike. Aliyesahau hakusahau kwa ukaidi.

Wapo pia mabinti waliopata mimba miezi hii, ambao kwa utaratibu wa mwaka huu wa 2020 lango la shule halitawafungukia kesho. Wamejifungia ndani, na wengine ni wanakwaya wetu. Nani kati yetu ameshakwenda kubisha hodi?

Yule kijana amekubali kurudi. Bibi amehamishia kitanda chake chumba cha pili ili mjukuu asiwe na hofu, na amesema kesho atamwamsha saa kumi na moja, amkorogee uji wa ulezi anywe kabla ya kutoka kwenye baridi.