Mnyama wa Ukoo wa Pembe Asiyekuwa na Pembe

Juma hili tunawaletea habari za mnyama mdogo wa kale ambaye tunacho kichwa chake tu. Hata hivyo jina analo, na ukoo wake umejulikana. Waliozoea kazi ya upelelezi watatuelewa upesi: ushahidi mdogo ukitunzwa vema husema mengi.

Mwaka 1997, katika jimbo la Montana nchini Marekani, Bwana Scott Madsen, mtafutaji wa visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka mawe, alipata fuvu lenye urefu wa milimita 84 tu. Kwanza alidhani ni la dinosaria mwingine, mla majani, aliyekwisha kujulikana pande zile. Lakini alipokuwa akiliondolea jiwe lililoligandama, ikajitokeza ncha ya mdomo. Mbele ya taya la juu palikuwa na mfupa wa ziada, uliopinda kama mdomo wa tai. Mfupa huo hawanao dinosaria wengine ila ukoo wa wenye pembe peke yao. Dhana ya kwanza ikaachwa, wala hapakuwa na aibu katika kuiacha.

Mwezi wa Desemba 2014, wataalamu wanne wakiongozwa na Andrew Farke walimtangaza kwa jina la Aquilops americanus, maana yake uso wa tai wa Amerika. Aliishi yapata miaka milioni 106 iliyopita. Triceratops, jitu la ukoo huo lenye pembe tatu na urefu wa mita 8 hivi, alitokea miaka karibu milioni 40 baadaye. Aquilops mwenyewe hakuwa na pembe hata moja. Jamaa zake wa karibu wamefukuliwa bara la Asia. Kwa hiyo wataalamu husema kwamba wazee wake walihamia Amerika kutoka huko.

Je, mwili wake ulikuwaje? Kwa kumlinganisha na jamaa hao wa Asia, hukisiwa kuwa alikuwa na urefu wa sentimita 60 na uzito wa kilo moja na nusu, kama sungura. Hayo ni makisio, na yaitwe makisio. Rangi ya ngozi katika picha ni ya mchoraji, fuvu halikuisema.

Jambo moja tulishike. Umri wa kisukuku husomwa katika tabaka la mawe kilimolala. Kikiondolewa pasipo kuandika mahali pake, nusu ya habari zake hupotea, kama vile kielelezo kilichohamishwa kabla askari hajafika. Basi, wazazi, mtoto akileta nyumbani jiwe lenye umbo la mfupa, msimkemee wala msilitupe. Mwulizeni kwanza: mwanangu, umeliokota wapi? Kisha liandikeni jibu lake.