JIKONI MWETU: Madonge ya Viazi yenye Tunda Ndani



Juma hili tutapika chakula cha watu wa Poland. Labda mtasema, "Poland ni mbali, sisi na wao tuna nini?" Lakini wenyeji wa Arusha wanayajua makaburi ya Wapolandi pale Tengeru. Tangu mwaka 1942 walikaa pale wakimbizi wa vita wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwao kwa nguvu na kupelekwa Siberia na sehemu nyingine za Urusi ya Kisovieti. Basi hao si wageni kabisa kwetu.

Chakula chenyewe huitwa knedle. Ni madonge ya viazi ulaya, na ndani ya kila donge mna plamu, lile tunda la rangi ya zambarau lenye kokwa moja. Kule Poland hupikwa hasa Agosti na Septemba, plamu zinapoiva. Wala si kitu cha kuwalambisha watoto tu. Huliwa mchana kuwa chakula kamili, na nyumba nyingi hukipika siku ya Ijumaa, ambayo kwa desturi Wakatoliki hawali nyama.

Mimi nilionyeshwa na Sista mmoja Mpolandi. Nilimtazama akipika, nikajisemea, "Kumbe rahisi!" Jumapili iliyofuata mama mkwe alikuja kututembelea. Nikamenya viazi vichanga, nikavikatakata, nikavichemsha, nikavikanda vingali na moto. Vikaninata mikononi kama ulimbo. Kwa haraka sikutoa hata kokwa za plamu. Nikatia madonge yote sufuriani kwa mara moja, nikafunika. Nilipofunua, madonge hayakuwapo. Palikuwa na uji. Mayai na siagi ya juma zima vilikuwa vimekwenda. Mama mkwe alikula kimya, kisha akasema polepole, "Mwanangu, uji wako mtamu, ila una kokwa." Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamwendea Sista. Hakucheka. Aliniuliza neno moja tu: "Viazi vilikuwa vikavu?" Hapo nikafahamu kwamba adui wa chakula hiki ni maji. Basi mama, fuata hivi:

1. Chagua viazi vilivyokomaa, vyenye unga. Chemsha kilo moja pamoja na maganda, kwa maana kiazi kilichomenywa hunywa maji. Mwaga maji, acha mvuke utoke, menya, uviponde vingali na moto mpaka vilainike. Kisha viache vipoe kabisa. Viazi vilivyobaki jana vyafaa sana, usivitupe.

2. Kama huna mizani, usihangaike. Wapishi wengi wa Poland hupima hivi: shindilia viazi katika bakuli, usawazishe juu, ukate kwa kisu alama ya msalaba upate mafungu manne. Toa fungu moja, nafasi yake uijaze unga wa ngano, kisha rudisha lile fungu. Ongeza yai moja na chumvi kidogo.

3. Kanda upesi, na mara tu vikishikana, acha. Ukikanda mno vitazidi kunata, nawe utaongeza unga tena na tena, mwisho madonge yatakuwa magumu kama mawe.

4. Sasa jaribu kwanza. Tia kipande kidogo katika maji yanayochemka. Kikishikamana, endelea. Kikiyeyuka, ongeza unga kijiko kimoja, ujaribu tena. Hasara ya kipande kimoja si kitu. Hasara ya sufuria nzima naijua mimi.

5. Pasua plamu upande mmoja, toa kokwa, na mahali pake tia sukari nusu kijiko cha chai. Kwetu plamu hulimwa nchi za milimani, kama Lushoto. Tunda likiwa kubwa, nusu yatosha. Bapa kipande cha viazi kiganjani, weka tunda katikati, ufunge mviringo. Ukiona ufa, uzibe, maana maji yatapita hapo hapo.

6. Tia madonge machache machache katika maji mengi yenye chumvi, yakichemka taratibu. Yakielea, ngoja kama dakika tano, kisha yaopoe kwa upawa wenye matundu.

7. Kaanga chenga za mkate mkavu katika siagi mpaka ziwe rangi ya kahawia. Zimwage juu ya madonge, nyunyiza sukari na mdalasini. Yale yangali na moto, lakini waangalie watoto, kwa sababu tunda la ndani huunguza ulimi.

Mwezi uliofuata nilimwalika mama mkwe tena. Mume wangu alinitazama kwa wasiwasi, hakusema kitu. Safari hii viazi nilivichemsha tangu jana yake, na kipande cha kujaribu nilikila mimi mwenyewe jikoni. Mama alikula madonge manne, akapangusa mdomo, akachungulia sahani yake.

"Leo," akasema, "sikuona kokwa."

Kwa herini mpaka juma lijalo.